Jina la kidonge kwanza: kutumia dawa za maumivu na uvimbe bila kujiumiza

Wateja wangu wa kwanza asubuhi ni watu wa ziwani. Nauza dawa hapa Kigoma mjini, si mbali na mwalo wa Kibirizi, na kabla saa 1 haijatimia vizuri tayari yupo mtu dirishani, macho mekundu kwa kukesha na taa za dagaa, mkono mmoja kiunoni. Hataji jina la dawa. Anasema, "Dada, nipe zile za mgongo, zile za njano." Nyuma yake amesimama mpakia mizigo anayetaka "za maungo", na nyuma ya mpakia mizigo kuna mama wa mawese aliyeshinda jana yote ameinama juu ya pipa. Huyu anataka "zile alizonipa jirani".

Mara nyingi wote watatu wanaomba dawa za ukoo mmoja: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao. Ni dawa nzuri. Mtu aliyeteguka kifundo cha mguu, mama mwenye maumivu makali ya hedhi, mzee ambaye goti limevimba kwa baridi yabisi, wote zinawasaidia kweli. Lakini ndizo dawa ambazo watu wetu wanazimeza kama pipi, na nimeshaona zinavyoweza kumwangusha mtu mwenye nguvu zake. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaambia dirishani, ila pale foleni huwa hainipi nafasi ya kuyamaliza.

Hatua ya 1: Jua jina la kilichomo ndani

Rangi ya kidonge si jina. Kila kiwanda huchagua rangi yake, na cha njano cha mwezi huu kinaweza kuwa cha waridi mwezi ujao. Jina la biashara nalo halitoshi, kwa sababu dawa moja inauzwa kwa majina mengi. Unalolitafuta ni jina lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa, pamoja na namba ya miligramu. Maandishi mengi yako kwa Kiingereza, kwa hiyo yazoee kwa macho: Diclofenac, Ibuprofen, Aspirin (mara nyingine Acetylsalicylic Acid), Meloxicam, Piroxicam, Indomethacin, Naproxen, Ketoprofen, Celecoxib. Ukiona lolote kati ya hayo, umeshika dawa ya ukoo ninaousema.

Paracetamol, ambayo wengi tunaiita kwa jina la Panadol, si ya ukoo huu. Inatuliza maumivu na kushusha homa, lakini uvimbe haiugusi sana, na tumbo hailisumbui. Ubaya wake uko kwenye ini mtu akizidisha.

Kisha kuna vidonge vya mchanganyiko. Diclopar, ambayo hapa kwetu kila mtu anaiita diklopa, ina diklofenaki miligramu 50 na parasetamoli miligramu 500 ndani ya kidonge kimoja. Mtu anameza diklopa asubuhi, mchana kichwa kinauma anaongeza Panadol mbili, jioni anarudia diklopa, usiku Panadol tena. Kichwani mwake ametumia dawa mbili tofauti. Ini lake limepokea parasetamoli mara nne. Dawa kadhaa za kichwa za pakiti ndogo ndogo za dukani nazo zina aspirini ndani, na anayezinunua hajui.

Tatizo letu kubwa ni kukatiwa. Mtu ana shilingi 500, anaomba vidonge vinne. Muuzaji anachukua mkasi, anakata karatasi ya vidonge, na kile kipande anachoondoka nacho mteja hakina jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Sikulaumu kwa kununua kidogo, maana hali tunazijua. Ila una haki ya kumwambia muuzaji: niandikie jina. Bahasha ya kaki tunayotilia dawa ina nafasi ya jina la dawa, nguvu yake na namna ya kumeza. Muuzaji akikuandikia "1x3" peke yake bila jina, mrudishie amalizie.

Nasisitiza hili kwa sababu ya baba yangu mdogo. Alikuwa anabeba magunia, na kwa zaidi ya miaka miwili alimeza diklofenaki kila alfajiri kabla ya chai, ili mgongo uamke. Baadaye alianza kuumwa kichwa mara kwa mara, akanunua dawa nyingine kwenye duka jingine, yenye aspirini. Duka la kwanza halikujua la pili, la pili halikuuliza. Alianza kuchoka, akipanda kamlima kadogo anahema. Tumbo halikumuuma hata siku moja. Siku alipoanguka bafuni ndipo mama mdogo akaniambia kwamba choo chake kilikuwa cheusi, kinanata kama lami, kwa wiki nzima. Kilikuwa na damu. Alikuwa anavuja polepole kutoka kwenye kidonda cha tumbo ambacho dawa yenyewe ilikuwa inakinyamazisha maumivu. Tulitoa damu ndugu watatu. Alipona, namshukuru Mungu, lakini magunia hakuyarudia.

Hatua ya 2: Elewa inachofanya, ili ujue kwa nini inaumiza

Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza aitwaye John Vane alionyesha jinsi aspirini inavyofanya kazi, na mwaka 1982 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden, waliofanya utafiti katika eneo hilohilo. Kwa ufupi ni hivi. Mwili ukiumia hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini. Hivyo ndivyo vinavyoleta uvimbe, joto na maumivu. Dawa hizi huzuia prostaglandini zisitengenezwe, na maumivu yanashuka.

Sasa sikiliza upande wa pili. Prostaglandini hizohizo ndizo zinazofanya tumbo litoe ute unaolikinga na asidi yake lenyewe. Ndizo pia zinazosaidia mishipa ya figo ibaki wazi wakati maji mwilini yamepungua. Dawa haichagui. Ikizima moto wa goti, inapunguza ulinzi wa tumbo na wa figo papo hapo.

Ndiyo maana ile imani kwamba sindano ni salama kwa tumbo haina ukweli. Watu huniambia, "Mimi nina vidonda vya tumbo, nichome ya sindano tu." Dawa ikichomwa inaingia kwenye damu, na damu inafika tumboni na kwenye figo vilevile. Tena sindano ya diklofenaki ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu na kuuacha mguu umelegea. Sindano ni kazi ya kituo cha afya. Duka la dawa muhimu halina ruhusa ya kuchoma, hata mteja akiwa rafiki.

Hatua ya 3: Jiulize kama unaihitaji kweli

Una homa? Pima malaria kwanza. Mkoa wetu na jirani zetu wa Tabora tumo kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, na maungo yanayouma pamoja na kichwa na baridi ndiyo malaria yenyewe inavyobisha hodi. Ukimeza diklopa, homa inashuka kwa saa chache, unaenda shambani, wadudu wanaendelea kuzaana. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu kwa muda mfupi, hata zahanati ya kijijini kipo. Wakati unasubiri, parasetamoli inatosha kushusha homa.

Maumivu ya kawaida ya kichwa, ya jino kwa siku moja, ya uchovu wa jembe: anza na parasetamoli. Kiuno kilichokaza kwa kuvuta nyavu, kikande kwa kitambaa cha maji ya moto, na usilale kitandani siku nzima, maana mgongo unapona haraka zaidi ukitembeatembea. Goti au mkono uliovimba, ipo jeli ya diklofenaki ya kupaka. Hiyo naipenda sana kwa wazee. Inafanya kazi palepale inapopakwa na kiasi kidogo tu ndicho kinachoingia kwenye damu. Paka juu ya ngozi nzima isiyo na jeraha, mara tatu au nne kwa siku, usifunge na nailoni juu yake, na nawa mikono kabla hujagusa macho. Isiyofaa ni kupaka jeli na kumeza vidonge vyake kwa wakati mmoja bila kuambiwa na daktari.

Na kuna maumivu ya mgongo ambayo hayapaswi kupewa dawa ya dukani kabisa. Miguu ikianza kufa ganzi, mkojo ukikutoka bila kujua au ukagoma kutoka, au mgongo ukiuma wiki kwa wiki pamoja na homa za jioni na kukonda, nenda hospitali. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, na kila mwezi unaozima maumivu yake kwa vidonge ni mwezi mmoja umeupa ugonjwa huo kuendelea.

Hatua ya 4: Taja hali zako zote kabla hujalipa

Hapa ndipo ningekuomba usiwe na haraka hata kidogo, na usione haya. Watu wakiwa wengi nyuma yako, niambie tu, "Dada, naomba tuongee pembeni." Muuzaji mwenye utu atakuelewa.

Ukiwahi kuwa na vidonda vya tumbo, au kutapika damu, usimeze dawa hizi bila daktari. Bakteria wanaoleta vidonda, wale wa *Helicobacter pylori*, wako wengi katika jamii zetu, na mtu mwenye bakteria hao akiongeza diklofenaki, hatari ya kidonda inakuwa kubwa kuliko kila kimoja peke yake. Kama daktari ameona huna njia nyingine, kwa kawaida atakupa pamoja na dawa ya kulinda tumbo, mfano omeprazoli miligramu 20 kabla ya chai ya asubuhi.

Mwenye presha, dawa hizi huipandisha na kupunguza nguvu ya dawa zako. Na kuna mseto mmoja ambao kila familia yenye mzee wa presha iujue: dawa ya presha ya jamii ya losartani, enalaprili au kaptoprili, pamoja na dawa ya kukojoza maji kama Lasix au haidroklorothayazidi, halafu juu yake diklofenaki au ibuprofeni. Zile mbili za kwanza daktari amezipanga kwa hesabu. Ya tatu ikiingia kimyakimya kutoka dukani, figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache, hasa mzee akiwa anaharisha au hanywi maji. Bibi akilalamika magoti na yuko kwenye dawa hizo, mpe parasetamoli, mpake jeli, kisha umpeleke kliniki.

Moyo uliopanuka au unaoshindwa kusukuma, mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi: diklofenaki si yako. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa tahadhari rasmi kuhusu diklofenaki na mishipa ya moyo kwa watu wa namna hii. Kama unameza aspirini ndogo ya miligramu 75 au 80 kila siku kwa ajili ya moyo, ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi yake. Mwulize daktari namna ya kuzipishanisha, na usiiache aspirini yako kwa uamuzi wako.

Mwenye ugonjwa wa figo, asiguse. Mwenye kisukari wa muda mrefu, achunguzwe figo kwanza. Mwenye selimundu, najua maumivu yale hayana mfano, na hospitali hutumia dawa hizi kwa wagonjwa wa selimundu, lakini figo zao ni dhaifu kuliko zinavyoonekana, kwa hiyo maji mengi na kliniki yako ijue unameza nini na kwa siku ngapi.

Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU, nakuomba usikilize, kwa sababu ndilo jambo ambalo watu hawalitaji dirishani. Kidonge kimoja kwa siku ambacho wengi wanakitumia sasa kina tenofovi ndani yake. Tenofovi hupita kwenye figo, na diklofenaki ikitumika nayo kwa siku nyingi figo hubeba mzigo mara mbili. ARV zako usiziache hata siku moja. Inayopaswa kuondoka ni dawa ya maumivu.

Mwenye pumu: ikiwa aspirini au ndugu zake walishawahi kukubana kifua, au kukuvimbisha midomo na macho, jamii yote hii usiimeze tena, hata kwa jina jingine. Anayetumia warfarini, au predinisoloni, au deksamethasoni, hatari ya kutoka damu tumboni inaongezeka sana.

Mjamzito asimeze bila kuambiwa na mhudumu wa kliniki, na kuanzia nusu ya mimba, yaani wiki ya 20, dawa hizi zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya chupa. Mimba ikikaribia mwisho zinaweza kufunga mshipa karibu na moyo wa mtoto kabla ya wakati wake. Parasetamoli ndiyo ya mjamzito. Mama anayenyonyesha anaweza kutumia ibuprofeni kwa kipimo cha kawaida.

Pombe nayo ni hali ya kutaja. Aliyekunywa gongo jana usiku na leo anataka diklofenaki ya kuondoa kichwa, tumbo lake limeshachubuka tayari. Anywe maji, ale, alale.

Na mtaje pia ule unga wa baridi yabisi ulionunua mnadani au ndani ya basi. Duniani kote zimekamatwa dawa zinazoitwa za mitishamba, kumbe ndani zimetiwa diklofenaki au deksamethasoni bila kuandikwa. Unga wa miti unaoondoa maumivu ya miaka kumi ndani ya nusu saa, mimi nauogopa.

Hatua ya 5: Kipimo, na maana ya ile "1x3"

Kwa mtu mzima mwenye afya, anayejitibu mwenyewe:

Ibuprofeni ni miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, ikirudiwa baada ya saa 6 hadi 8, na jumla ya siku isizidi miligramu 1,200. Vidonge vingi vya hapa ni vya 200 au 400, ndiyo maana namba ni muhimu kuliko idadi. Vitatu vya 400 vimeshafika mwisho.

Diklofenaki ni miligramu 50 mara mbili au tatu kwa siku, na jumla isizidi 150. Kipo kidonge cha 100 kinachotoa dawa polepole, hicho ni kimoja tu kwa siku. Usikivunje wala kukisaga, kwa sababu kimetengenezwa kiachie dawa kidogo kidogo, na ukikivunja inamwagika yote kwa mkupuo.

Parasetamoli ni vidonge viwili vya 500, baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, ukihesabu na vile vilivyojificha ndani ya diklopa.

Anza na kipimo kidogo. Kikitosha, umeshapata unachokitaka. Dawa mbili za ukoo mmoja hazimezwi pamoja, si ibuprofeni na diklofenaki, si diklofenaki na piroksikamu. Maumivu hayapungui mara mbili, ila madhara yanaongezeka. Ukitaka kuunganisha, unganisha moja ya ukoo huu na parasetamoli.

"1x3" maana yake ni kimoja mara tatu ndani ya saa 24. Haina maana ya asubuhi, saa 4 na mchana kisha basi. Gawa siku: saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 5 usiku. Ukisahau, endelea na inayofuata kwa muda wake, usimeze mbili kufidia.

Hatua ya 6: Kula, kunywa maji, kisha meza

Chai ya rangi peke yake si chakula. Kula ugali wako na migebuka, au uji mzito, au muhogo, kisha meza kidonge na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama. Kidonge kilichomezwa kwa funda moja la maji na mtu akalala kinaweza kukwama kooni na kulichoma.

Ndugu zangu wa ziwani, siku yenu imegeuka, kwa hiyo na dawa igeuke. Mnarudi alfajiri hamjala tangu jioni, jasho limewatoka usiku kucha, mnameza diklofenaki na kulala. Hapo tumbo ni tupu na maji mwilini yamepungua, yaani mmekusanya mambo mawili mabaya kwa pamoja. Kunywa maji kwanza ukifika mwaloni, kula, ndipo umeze. Na kwa wanaolima, ile miezi ya jua kali kabla mvua za Novemba hazijashika, ukitoka shambani mkojo ni wa njano iliyokolea kama mawese, usimeze mpaka umekunywa maji ya kutosha na mkojo umekuwa mweupe. Anayeharisha au kutapika asimeze kabisa mpaka apone.

Chakula kinapunguza kichefuchefu na kiungulia, lakini hakizuii kidonda kwa mtu anayemeza miezi na miezi. Baba mdogo angeweza kula sahani nzima kila alfajiri, bado lile lingeweza kumpata.

Hatua ya 7: Hesabu siku

Homa, siku 3. Maumivu, mimi nawaambia wateja wangu siku 5, kisha pumzika, na kama bado yapo uende ukaonwe. Maumivu ya hedhi huhitaji siku 2 au 3 tu, na ibuprofeni hufanya vizuri zaidi ukianza yanapoanza, kabla hayajakolea.

Wapo wanaohitaji dawa hizi kwa miezi, mfano wenye baridi yabisi ya viungo. Hao wawe na daktari, na kila baada ya miezi michache wapimwe presha, wingi wa damu na kazi ya figo. Vipimo hivi hospitali za wilaya wanavifanya, na hapa mjini Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ipo.

Hatua ya 8: Watoto ni habari nyingine

Aspirini hapewi mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 16, kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa adimu lakini mbaya wa ubongo na ini. Diklofenaki ya wakubwa usiikate nusu ukampa mtoto. Ibuprofeni ya maji hupewa mtoto aliyezidi miezi 3 na kilo 5, kwa uzito wake: miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, mara tatu kwa siku, akiwa ameshiba. Mtoto wa kilo 10, kama chupa imeandikwa 100 mg kwenye mililita 5, anapata mililita 2.5 hadi 5 kwa mara moja. Pima kwa kikombe kidogo kilichokuja na chupa au bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya nyumbani havilingani. Mwenye tetekuwanga asipewe ibuprofeni, mpe parasetamoli. Na mtoto mwenye homa apimwe malaria kabla ya yote haya.

Hatua ya 9: Acha dawa na uende hospitali ukiona haya

Choo cheusi kinachonata, chenye harufu kali. Matapishi yenye damu au yanayofanana na unga wa kahawa. Kuchoka na kuhema kusiko na sababu, viganja na ndani ya macho vikiwa vyeupe. Usisubiri tumbo liume, maana dawa inaweza kuficha maumivu hayo mpaka mwisho.

Mkojo kupungua sana, uso au miguu kuvimba, uzito kupanda ghafla: figo.

Kifua kubana, upande mmoja wa mwili kulegea, ulimi kuwa mzito: usipitie dukani, kodi bajaji au bodaboda uende moja kwa moja.

Midomo kuvimba, kupumua kwa mluzi, au ngozi kutoka malengelenge na vidonda mdomoni: acha papo hapo, na usiimeze tena maishani. Chukua kile kipande cha karatasi ya vidonge au bahasha uende nayo, daktari asianze kubahatisha.

Hatua ya 10: Kuzitunza

Ziweke ndani ya pakiti yake, mahali pakavu, mbali na jua na mbali na mikono ya watoto. Juu ya bati la jiko au ndani ya mfuko wa suruali ya mtumbwini si mahali pake, joto likizidi nyuzi 30 dawa nyingi huanza kuharibika. Vidonge vya sherehe mbili zilizopita, vilivyobaki kwenye mkoba wa mama na havina jina, usimpe mtu, virudishe famasi vikateketezwe. Aspirini ina ishara yake: ukifungua chombo ukasikia harufu ya siki, imeshavunjika. Itupe hata kama tarehe yake haijafika.